Joho Jeupe kwenye Kioo cha Inchi Tisa

Ilikuwa saa saba na dakika kumi na mbili za usiku taa ya barazani ilipozimika. Najua saa hiyo kwa sababu niliiandika palepale, kwa penseli, nikiwa nimekaa mbele ya televisheni ndogo ambayo yenyewe haikuzimika. Taa zetu, taa za majirani na redio iliyokuwa ikisikika kwa mbali vilikoma kwa mpigo mmoja. Televisheni yangu, pamoja na kamera ya ukutani iliyoiletea picha za barabara, iliendelea kwa kuwa ilikula betri ya gari. Kwenye kioo chake cha inchi tisa, pembe ya juu kulia, karibu na kibanda cha transfoma tulichokiita kabini, palikuwa na mtu aliyeinama. Alikuwa mweupe kuanzia mabegani hadi chini ya magoti.

Alifanya kazi yake dakika kumi na moja. Kisha akainuka na mzigo mzito begani, akatoka nje ya picha. Sikupiga kelele. Nyakati zile mtu aliyepiga kelele usiku alikuwa anatangaza mahali anapolala. Niliandika: mtu mmoja, kimo cha kati, joho jeupe. Nikapiga mstari chini ya maneno mawili ya mwisho, na nikajisikia mtu aliyefanya kazi yake vizuri.

Ilikuwa katika miaka ile ya tisini, mwezi wa Juni, baridi ya mji wetu, Likasi, ikiwa kali. Kiwanda cha shaba nilikofanya kazi miaka kumi na tisa kama fundi wa vyombo vya kupimia kilikuwa bado kinafungua lango asubuhi, lakini mshahara ulikuwa umekoma. Baadhi ya miezi tulipewa gunia la unga, miezi mingine tulipewa maneno. Umeme wa bwawa la Mwadingusha ulikuja na kuondoka bila kuaga. Wizi ulianzia madukani, ukahamia majumbani, halafu ukaacha vitu vilivyomo ndani ya nyumba na kushika nyumba zenyewe: mabomba, mabati, fremu za milango, nyaya. Mimi niliweka nondo kwenye madirisha. Mwaka uliofuata niliweka nondo kwenye baraza nzima. Kisha nikaweka mlango wa pili wa chuma nyuma ya ule wa kwanza. Kutoka kitandani hadi choo cha uani kulihitaji funguo tatu. Mke wangu alizitundika kwenye msumari juu ya kichwa chake, na kila mtu wa nyumba aliyeamka usiku alilazimika kumwamsha yeye kwanza.

Kamera niliipata bila fedha. Mfanyabiashara mmoja mgeni alikuwa anafunga duka lake ili aondoke nchini. Nilimtengenezea jenereta siku sita, na siku ya malipo alinipa kamera iliyokuwa ikitazama kaunta yake, pamoja na televisheni yake ya rangi nyeusi na nyeupe. Mashine ya kunasia picha ilikuwa imeibwa siku za uporaji. Kwa hiyo kamera yangu iliona lakini haikukumbuka. Kukumbuka ilikuwa kazi ya daftari.

Usiku wa kwanza haikuona kitu. Kioo kilijaa chembe nyeupe kama unga unaopepetwa. Mimi sikusoma zaidi ya darasa la ufundi. Niliyoyajua mengine niliyatoa kwenye vitabu, na nilikuwa na kitabu kimoja cha fizikia, cha Kifaransa, kisicho na jalada, nilichokinunua sokoni kikiwa tayari kufungia karanga. Humo nilisoma kwamba jicho la aina ile huona mwanga uliovuka wekundu, ambao jicho la mtu halioni. Basi nilichukua taa ya mbele ya gari bovu. Nikaenda kwa mpiga picha wa studio karibu na posta, akanipa vipande vya filamu vilivyoungua, vyeusi kabisa, nikavibandika juu ya kioo cha taa tabaka nne. Aliyeitazama taa ile aliona wekundu hafifu tu, kama kipande cha sigara kinachokaribia kuzima. Kwenye televisheni, uwanja wetu wote na kipande cha barabara viliwaka kama kwenye mbalamwezi.

Nikaipima. Jioni tisa mfululizo mke wangu alisimama kwenye alama za chaki nilizozichora ukutani na barabarani, ameshika sahani nyeupe ya bati kifuani ili nimwone vizuri, amejifunga shuka jeupe. Alisogea mita moja moja huku mimi nikiandika.

“Batu bakipita batasema unanipima juu ya sanduku ya kunizika,” alisema usiku wa nne, akiwa kwenye mita ya kumi, meno yakigongana kwa baridi.

Nilicheka, nikamwambia asogee mita ya kumi na moja. Mwishoni nilikuwa na jedwali safi, nikalibandika juu ya televisheni. Hadi mita sita: uso. Hadi mita kumi na nne: nguo na mwendo. Zaidi ya hapo: umbo tu. Majirani walikuja kutazama. Shefu wa avenyu, mzee aliyetusimamia mbele ya ofisi za mji, alikuja mara mbili. Hata zamu wetu alikuja.

Zamu ni mlinzi wa usiku. Nyumba nane za avenyu yetu tulimwajiri kwa pamoja, na mwanzoni mwa baridi ile tulichanga tukamnunulia kabuti refu jeusi kutoka kwenye mitumba, kwa sababu alilalamika kifua. Alikaa nusu saa nzima mbele ya kioo, mikono mifukoni, akiwatazama watu wakipita barabarani bila kujua kwamba wanatazamwa. Aliuliza swali moja tu: kamera inaishia wapi. Nilifurahi kuulizwa. Nilimsomea jedwali lote, na nikamwambia kwamba ng'ambo ya mita kumi na nne haimjui mtu.

Kabini ilikuwa kwenye mita ya kumi na tisa.

Asubuhi baada ya giza lile avenyu nzima ilisimama mbele ya kabini. Mlango uliofungwa kwa waya siku zote ulikuwa wazi, swichi kubwa imeshushwa, na kebo ya shaba iliyotuletea umeme ilikuwa imekatwa ncha zote mbili na kuondolewa. Wakati huo kila mtu alijua shaba iliuzwa wapi, na kila mtu alijua kwamba hakuna ofisi ambayo ingetuletea kebo nyingine. Shefu alinigeukia mbele ya watu. Aliuliza kama mashine yangu iliona kitu.

Nilifungua daftari nikasoma. Niliposema joho jeupe, mtu mmoja nyuma alitaja jina. Kisha wawili. Kisha likawa linatajwa kama vile limeandikwa kwenye daftari langu.

Lilikuwa jina la jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, mshona viatu, mtu mpole. Alikuwa katika kundi la maombi lililovaa majoho meupe, na mara tatu kwa juma alitoka usiku kwenda kusali kilimani na wenzake, akarudi kabla ya alfajiri. Watu walimwogopa kidogo kwa hilo, kama wanavyomwogopa yeyote anayetembea usiku bila woga. Zamu aliongeza la kwake, taratibu, bila hata kuulizwa sana.

“Njo vile. Na minye nilimuona anapita, na ile nguo yake.”

Huenda hata hakusema uongo. Jirani mwenyewe hakukana kwamba alitoka. Alisema alikuwa kwenye maombi, na kwamba avenyu nzima inajua njia yake. Walimwambia alete joho. Pindo lake lilikuwa na udongo mwekundu wa kilimani, na udongo ule nao ukageuka kuwa ushahidi. Alasiri polisi walikuja kumchukua. Tuliambiwa kwamba kebo isipopatikana, Ijumaa ya juma linalofuata atapelekwa Buluo, kwenye gereza kuu, na huko faili lingesubiri kwenye foleni pamoja na mafaili mengine. Ilikuwa Jumatano. Zilibaki siku tisa.

Nimejieleza mara nyingi kwamba sikulitaja jina mimi. Ni kweli. Nilinyamaza lilipotajwa, daftari likiwa wazi mkononi, na watu walisoma kunyamaza kwangu kama sahihi.

Jumamosi mke wa jirani alikuja. Kila siku alitembea kwenda mahabusu na bukari, ugali wetu, ndani ya beseni lililofunikwa kitambaa, akarudi na beseni tupu, kisha akakaanga mikate ya kuuza jioni. Mke wangu alikuwa ameenda sokoni na funguo, kwa hiyo sikuweza kumfungulia. Tuliongea kupitia nondo za baraza, yeye nje kwenye jua, mimi ndani. Aliyeonekana kufungwa pale ni mimi.

“Papa, ile kintu yako inaonaka muntu ao inaonaka nguo?”

Nilimjibu kwamba inaona vyote viwili, hadi mita kumi na nne. Aliuliza ni mita ngapi hadi kabini. Nikamwambia kumi na tisa. Aliinua beseni, akarekebisha kitambaa, akavuka barabara. Nilibaki nimeshika nondo, na kwa mara ya kwanza nilisikia namba yangu mwenyewe.

Jumapili usiku niliwasha kamera kwa mazoea, kwa sababu sikujua tena kulala bila kuitazama. Umeme haukuwepo, avenyu ilikuwa nyeusi kama ndani ya chungu. Saa nne na nusu hivi joho jeupe lilipita kwenye kioo, mita nane tu kutoka kwa kamera, likiangaza.

Jirani alikuwa mahabusu. Nilisimama. Uso niliouona juu ya joho lile ulikuwa duara la kijivu, bila macho, kwa kuwa mita nane ni zaidi ya sita. Lakini mwendo niliujua. Nilikwenda dirishani nikachungulia kwa macho yangu. Mwanzoni sikuona kitu. Halafu mtu akakohoa, akawasha kiberiti, akawasha sigara, na kwenye mwanga ule mdogo nilimwona zamu ndani ya kabuti lake. Kabuti lilikuwa jeusi. Nilirudi kwenye kioo. Lilikuwa jeupe. Nilikwenda dirishani tena. Jeusi. Nilifanya safari hiyo mara tano au sita, kutoka dirishani hadi kwenye kioo, hatua nne kwenda na hatua nne kurudi, mpaka mke wangu akauliza kutoka chumbani kama naumwa.

Usiku uliofuata nilifanya jaribio ambalo lilipaswa kuwa la kwanza. Nilitoa kila kitu cheusi nyumbani mwetu nikakitundika kwenye kamba mbele ya kamera, kimoja baada ya kingine. Mwavuli mweusi ulitokea mweupe. Sketi ya mke wangu ya kitambaa cha tergali, nyeusi, ilitokea nyeupe kuliko shuka. Suruali yangu ya mazishi ilitokea ya kijivu hafifu. Kilemba cheusi cha pamba kilibaki cheusi, na kipande cha makaa kilibaki cheusi. Vitu kumi na kimoja vya rangi nyeusi, saba vilibadilika. Rangi wanayotia kwenye vitambaa vya viwandani huzuia mwanga tunaouona sisi, lakini ule uliovuka wekundu huuacha urudi. Jambo hilo halikuwemo kwenye kitabu changu, au lilikuwemo kwenye kurasa zilizofungia karanga. Lakini kosa halikuwa la kitabu. Nilikuwa nimepima usiku tisa kwa sahani nyeupe na shuka jeupe, kwa sababu vyeupe ndivyo vilivyonipendeza kwenye kioo. Kila cheupe nilichokiona baadaye nilidhani nakijua.

Nilimwambia mke wangu. Alikaa kitandani, blanketi mabegani, akatazama sketi yake kwenye televisheni kwa muda mrefu.

“Uliweka ile kintu juu tulale,” alisema. “Sasa nani analala?”

Nilimweleza nilichokuwa nakiogopa. Kusema kwamba joho lile lingeweza kuwa kabuti jeusi ni kumtaja mtu bila kumtaja, kwa kuwa kabuti refu jeusi kwenye avenyu yetu lilikuwa moja tu. Na mtu mwenye kabuti hilo alikaa usiku kucha hatua kumi kutoka mahali tulipolala. Alijua nani anatoka saa ngapi. Alijua mbwa wa nani amekufa. Zaidi ya hayo, sikumwona yeye. Mita kumi na tisa zilikuwa mita kumi na tisa kwa jirani, na zilikuwa mita kumi na tisa kwake pia. Mke wangu alisikiliza, kisha akasema niende nikaseme hivyohivyo.

Jumanne nilikwenda kituo cha polisi. Afisa aliyeshika faili alikuwa kijana kuliko mimi, mwenye adabu, meza yake safi. Nilimweleza yote kwa mpangilio: taa, filamu, mwavuli, mita. Aliandika mistari miwili, akaweka kalamu chini.

“Papa, umekuja kutoa muntu ao kuingiza muntu?”

Nilisema nimekuja kurudisha maneno yangu. Nilisema sikumwona mtu, niliona nguo, na hata rangi ya nguo siijui. Aliniambia kwamba faili lina nafasi moja, na nafasi hiyo haiwezi kubaki tupu. Nikileta jina jingine, mshona viatu anatoka siku hiyohiyo. Aliongea bila ukali, kama mtu anayenisaidia kujaza fomu. Nikamwambia sina jina.

“Kama haiko jina, basi iko gharama.”

Alizitaja: dola mia moja na ishirini. Kabla ya Ijumaa.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Njia nzima jina lilikuwa mdomoni mwangu. Lilikuwa fupi na halikugharimu kitu. Nilijua kwamba nikilitamka nitakuwa nimemfungua mmoja na kumfunga mwingine kwa kosa lilelile, na safari hii sitaweza kusema kwamba sikujua.

Shefu hakuniamini kwa maneno. Nilimwomba aje Jumatano jioni pamoja na mke wa jirani, na nikamwomba zamu asimame barabarani na kabuti lake, kwenye alama ya chaki. Nilimwambia ni kwa ajili ya kipimo, na hilo lilikuwa kweli. Giza lilipoingia niliwasha taa yangu ya filamu. Tulikuwa watatu mbele ya kioo. Joho jeupe lilisimama mita kumi na nne kutoka kwetu, mikono mifukoni. Mke wa jirani alifunika mdomo kwa kiganja. Shefu alikwenda dirishani, akarudi, akaenda tena, kama nilivyofanya mimi, ila alikuwa mzee na kila safari ilimchukua muda.

Zamu alichoka kusubiri akaingia bila kuitwa. Mke wangu alimfungulia. Nilimwomba avue kabuti, nikalipeleka nje na kulitundika kwenye uzio wa lupango, yaani kiwanja chetu, kisha nikarudi. Alijitazama hivyo, yaani alitazama nguo yake ikining'inia nyeupe peke yake kwenye kioo. Akacheka kidogo.

“Kumbe usiku minye niko pasteri.”

Hakuna aliyecheka naye. Alinigeukia.

“Papa fundi, unasema ni minye?”

“Hapana. Nasema sikumwona mtu.”

“Bizuri,” alisema. “Sababu minye njo naikalaka inje. Weye unaikalaka ndani.”

Alisema hivyo, kwamba yeye ndiye anayekaa nje na mimi ndani, bila kupandisha sauti. Alikwenda akachukua kabuti kwenye uzio, akalivaa, akafunga vifungo vyote, akatutakia usiku mwema. Tulisikia hatua zake zikielekea kwenye kizuizi cha mwisho wa avenyu, zikarudi, zikapita mbele ya lango langu. Mke wangu alifunga milango yote miwili ya chuma. Wageni wetu walikuwa bado wamo ndani. Hakuna aliyemwambia afungue mpaka hatua zilipokuwa mbali.

Usiku huohuo, kwa mwanga wa koroboi, shefu aliandika barua kwamba shahidi pekee ameyarudisha maneno yake. Watu wa nyumba sita kati ya nane walitia sahihi. Alhamisi asubuhi nilimpelekea afisa. Aliisoma hadi mwisho, akaiweka ndani ya droo, akaniambia kwamba barua imesaidia sana na kwamba gharama ni ileile.

Nilikuwa na dola thelathini ndani ya kopo la maziwa, ada ya shule ya Septemba. Mchana nilibeba kamera, televisheni na betri kwenye baiskeli hadi kwa mwenye depo ya sukari kwenye barabara ya kwenda Lubumbashi, ambaye alikuwa ameviulizia mara mbili. Alitoa tisini. Hakuuliza inaona mita ngapi. Nilimwambia hata hivyo: sita, kumi na nne, na zaidi ya hapo umbo tu. Nilimwambia pia habari ya nguo nyeusi. Alisema anachotaka yeye ni wezi waione kamera, si kamera iwaone wezi. Taa ya filamu hakuitaka. Nilirudi nayo.

Jirani aliachiwa Ijumaa, saa nne asubuhi. Nilimsubiri langoni, milango yote ya chuma ikiwa wazi nyuma yangu, kitu ambacho hatukuwahi kufanya kwa miezi mingi. Alikuja kwa miguu na mkewe, amekonda, shingo imekuwa ndefu. Alinisalimu kwanza yeye, kama siku zote, akauliza kama tu wazima wote nyumbani. Nikaanza kumweleza. Nilimweleza mwanga uliovuka wekundu, sahani nyeupe, mita kumi na tisa, kabuti. Alisikiliza hadi mwisho akiwa amesimama juani, na nilipomaliza alisema kwamba ana njaa, akavuka barabara.

Usiku wa kwanza wa maombi alitoka kama kawaida. Nilikuwa kitandani, nikasikia mlango wake, nikaenda dirishani. Zamani alitembea gizani. Safari hii alibeba koroboi iliyowashwa. Alipofika mbele ya lango langu alisimama, akainua taa hadi usawa wa uso wake, akalitazama tundu lililobaki ukutani mahali nilipokuwa nimefunga kamera. Avenyu nzima ilijua kwamba kamera haipo. Alisimama muda wa mtu kuhesabu hadi tano, kisha akashusha taa na kuendelea na njia yake. Alifanya hivyo mara tatu kwa juma, kwenda na kurudi, hadi mvua zilipoanza. Sikuwahi kutoka kumwambia aache. Funguo zilikuwa kwenye msumari, juu ya kichwa cha mke wangu, na kila usiku niliona sababu ya kutomwamsha.

Zamu aliendelea kutulinda majuma kumi na moja. Hakuna aliyekuwa na ushahidi wa kumfukuza, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema. Kila jioni alinisalimu, nikamwitikia. Asubuhi moja hakuonekana, na kabuti lilikutwa limetundikwa kwenye kizuizi, limefungwa vifungo vyote. Halikuibwa. Lilikaa pale mpaka jua likalitoa rangi. Kama ni yeye aliyekata kebo, sijui hadi leo.

Tulikaa gizani miezi saba. Nondo sikuzitoa, lakini mlango wa pili wa chuma niliung'oa nikautumia kuanikia mihogo. Kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, chini ya jedwali la mita, niliandika hesabu. Siku sita za jenereta sikuzitia. Kamera, televisheni na betri, tisini. Kopo la maziwa, thelathini. Jumla, dola mia moja na ishirini.